Minyoo, viroboto na paka wa bandani: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Banda letu la paka lipo Mtwara, upande wa kwenda Mikindani. Ni uwanja wa nyuma wa nyumba uliozungushiwa wavu, vizimba vya mbao, na sakafu ya saruji tuliyoimwaga kipande kipande kila pesa ilipopatikana. Paka wanatoka soko la samaki, maghala ya korosho na stendi, na wengine huachwa getini usiku ndani ya boksi. Watu wakija kuwaona huuliza mambo yale yale, na mengi yanahusu minyoo. Majibu haya hayakupangwa kwa umuhimu, yamewekwa jinsi maswali yanavyoingia getini.

Mbona paka wenu wana minyoo ilhali mnasema mnawapa dawa?

Dawa tunawapa, tena kwa kalenda iliyobandikwa mlangoni. Lakini dawa ya minyoo haifanyi kazi kama chanjo. Inaua minyoo iliyomo tumboni leo, kisha inatoka mwilini. Kesho paka akikanyaga mchanga mchafu, akakaa kujilamba miguu, anaanza upya.

Halafu paka wa bandani ana shida ambayo mwenzake wa mtaani hana. Paka shume wa sokoni leo anajisaidia nyuma ya magunia, kesho chini ya ngalawa, na hana haja ya kurudi palepale. Kwetu paka ishirini wanagombea masanduku sita ya mchanga wa kujisaidia. Mnyoo mmoja jike hutaga mayai kwa maelfu kila siku. Piga hesabu mwenyewe.

Mwaka wetu wa kwanza tulikuwa tunatoa dawa kila baada ya wiki mbili na kubadilisha mchanga kila Jumamosi, tukajiona wasafi kwelikweli. Watoto wa paka walikuwa wanachangamka siku tatu nne, kisha matumbo yanarudi kuwa kama ngoma. Tukaambiwa dawa ni feki. Tukabadilisha dawa, mambo yakawa yaleyale. Siku moja akaja afisa mifugo kutusaidia. Tukamwandalia paka mezani, yeye akapita moja kwa moja hadi kwenye sanduku la mchanga, akauchokoa kwa kijiti, akauliza, "Huu una siku ngapi?" Tukamjibu kwa fahari: tano tu. Akacheka. Karibu kila kitu tunachofanya sasa kilianzia kwenye swali hilo.

Ni minyoo ya aina gani hasa?

Wanaoonekana zaidi ni minyoo ya mviringo. Ni myeupe, mirefu kama tambi, sentimita 4 hadi 10, na mtoto wa paka anaweza kuitapika ikiwa bado inajinyonganyonga. Hii mama humpa mwanawe kupitia maziwa. Ndiyo maana mtoto wa wiki tatu, ambaye hajawahi kukanyaga nje ya boksi, tayari anayo. Dalili zake ni tumbo kubwa, mgongo umekonda, manyoya makavu, na kula sana bila kunenepa.

Ya pili ni minyoo ya safura. Ni midogo, kama sentimita moja, na kwa macho hutaiona kwenye choo. Inang'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Kinachoonekana ni choo cheusi chenye kunata na paka asiye na nguvu. Funua mdomo wake utazame ufizi: unatakiwa uwe wa waridi. Ukiwa mweupe kama karatasi, usisubiri kesho.

Ya tatu ni tegu. Huyu hujitangaza kwa vipande vinavyofanana na punje za mchele, vinavyotambaa karibu na mkundu au kwenye tandiko. Vikikauka vinakuwa kama ufuta, na mtu wa Lindi hahitaji kuelezwa ufuta unafananaje. Tegu wa kawaida humpata paka kwa kumeza kiroboto anapojikuna kwa meno. Yupo na mwingine anayetoka kwa panya, lakini bandani kwetu ukiona tegu, tafuta viroboto.

Mbali na minyoo kuna vijidudu visivyoonekana bila hadubini: koksidia, giadia na toksoplasma. Tutawafikia.

Kwa nini mnachota choo asubuhi na jioni? Si kazi ya kujitesa?

Hapa ndipo penye siri yote ya banda, kwa hiyo tuvumilie.

Mayai mengi ya vimelea yakitoka na choo yanakuwa hayajaiva. Yanahitaji muda nje ya mwili wa paka kabla hayajaweza kumwambukiza yeyote. Mayai ya minyoo ya mviringo yanahitaji kama wiki 2 hadi 4. Ya safura huanguliwa upesi, na kukiwa na joto na unyevu, mabuu yanakuwa tayari kuingia mwilini ndani ya wiki moja hivi. Toksoplasma inahitaji kati ya siku 1 na 5. Koksidia ndio wenye haraka, kwa joto letu hata siku moja inaweza kuwatosha.

Kwa hiyo choo kilichochotwa jioni ileile kimeondoka na mayai ambayo bado hayana madhara. Kilichoachwa hadi Jumamosi kimeshapevusha karibu vyote isipokuwa minyoo ya mviringo, na hiyo nayo, ukiiacha ikamwagika pembezoni mwa sanduku, inakaa kwenye udongo miaka. Sisi tulikuwa tunatoa dawa nzuri kila wiki mbili na kuwarudisha paka kwenye kitalu cha minyoo tulichokilea wenyewe.

Giadia peke yake ndiye hangoji. Anatoka akiwa tayari. Kwa huyo dawa yetu ni maji safi, vyombo vilivyooshwa na sakafu iliyokauka.

Choo tunachochota kinafukiwa kwenye shimo refu mbali na kisima, au kinachomwa. Hakiendi kwenye bustani ya mchicha hata kama jirani anaomba mbolea, na ameshaomba mara mbili.

Nina vidonge vya kingatiba vilivyobaki nyumbani. Nimpe paka?

Usimpe. Tunajua vinatakiwa kumezwa mbele ya mgawaji dawa, na tunajua pia kabati za watu wa huku zina nini.

Kingatiba ya matende na mabusha ni ivermektini pamoja na albendazoli. Albendazoli kwa paka inaweza kudhoofisha uboho, yaani kiwanda cha damu, na paka mwenye safura hana damu ya kupoteza. Ivermektini hutumika kwa paka, lakini kwa kipimo kidogo mno. Kidonge kimoja cha binadamu kina miligramu 3, na paka mzima wa kilo 3 kwa kawaida hahitaji hata robo yake. Mtoto wa paka hutetemeka, hupepesuka, hupofuka kwa muda, na wengine hawaamki.

Vile vya kichocho vinavyogawiwa shuleni ni prazikwanteli. Dawa ndiyo hiyohiyo inayoua tegu wa paka, hapo watu hawakukosea. Tatizo ni ukubwa: kidonge kina miligramu 600, paka wa kilo 3 anahitaji kama 15. Kidonge kimoja kingetosha paka arobaini, na hakuna kisu cha jikoni kinachokata sehemu moja ya arobaini.

Na tukiwa palepale kabatini: panadol ni sumu kwa paka. Nusu kidonge kinaweza kumuua.

Sasa nyinyi mnatumia dawa gani?

Kwa minyoo ya mviringo na safura ni pirantel au fenbendazoli, kwa tegu ni prazikwanteli, na zote huandikwa na mtaalamu wa mifugo baada ya kumpima paka uzito. Kupima uzito ndiko tunakosisitiza. Tuna mizani ya jikoni yenye sufuria ya plastiki juu yake. Mtoto wa paka wa gramu 500 na wa gramu 900 wanaonekana sawa kwa macho, lakini mmoja anakaribia kuwa mara mbili ya mwenzake. Kabla hatujaipata mizani tulikuwa tunawapeleka dukani kwa jirani, tunawapima kwenye mizani ya mchele. Wateja walikuwa wanauliza kilo bei gani.

Ratiba ni hii: mtoto wa paka huanza akiwa na wiki 3, hurudia kila wiki 2 hadi aache kunyonya na dozi moja baada ya hapo, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Mama anatibiwa siku ileile watoto wake wanapotibiwa mara ya kwanza, kwa sababu ukimwacha yeye umewatibu bure. Paka mkubwa anayeingia bandani anapata dozi siku ya kufika na nyingine baada ya wiki 2.

Dawa za asili je? Mbegu za papai, mwarobaini, majivu?

Tumeulizwa hili na wazee tunaowaheshimu, na hatuwadharau. Mbegu za papai hatujawahi kuziona zikisafisha tumbo la paka aliyejaa minyoo. Tulichoona ni paka aliyepoteza wiki nzima akiharishwa wakati safura inaendelea kumnyonya. Mwarobaini uliokolezwa, hasa mafuta yake, unaweza kumdhuru paka kwa sababu lazima ataulamba. Majivu kwenye manyoya yanakausha ngozi na kumfanya apige chafya. Mafuta ya taa hatutaki hata kuyasikia: yanaunguza ngozi, na akiyalamba yanaingia kwenye mapafu.

Jirani aliniambia dawa ya kuogeshea ng'ombe inamaliza viroboto mara moja. Kweli?

Inamaliza, na paka pia.

Tuliletewa paka wa kijivu, jike, amefungwa kwenye kanga. Mwenye paka alikuwa amechanganya dawa ya josho kwa kipimo cha ng'ombe, "nikapunguza kidogo," akasema, akamchovya hadi shingoni. Alifanya kwa mapenzi, viroboto walikuwa wanamtesa yule paka. Alipofika kwetu masikio yalikuwa yanachezacheza yenyewe, miguu ya nyuma inatetemeka, mate yanadondoka. Tulimwogesha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo mara tatu, tukamkausha, tukamfunika akae na joto huku tukimtafuta daktari wa mifugo. Alipona baada ya siku mbili. Si wote wanapona.

Dawa nyingi za josho na za kunyunyizia kupe ni za jamii ya amitrazi au ya permetrini na ndugu zake zinazoishia na "metrini". Ini la paka halina uwezo wa kuvunja permetrini kama la mbwa au ng'ombe. Hata dawa ya viroboto ya mbwa usimwekee paka, hata tone. Soma kibandiko. Kama hakuna picha ya paka wala neno paka, rudisha dukani. Muuzaji anaweza kukwambia "ni ileile tu." Sisi tuliambiwa hivyo katika duka moja, na haikuwa ileile.

Viroboto mnawaondoaje basi?

Kwanza hakikisha ni viroboto. Chana manyoya ya kiuno kwa kitana chenye meno ya karibu, chukua vumbi jeusi linalodondoka uliweke kwenye kitambaa cheupe kilicholowa. Likiacha doa jekundu la kahawia, hiyo ni damu iliyomeng'enywa, kinyesi cha kiroboto. Likibaki jeusi ni uchafu tu.

Viroboto unaowaona juu ya paka ni wachache. Mayai yao hayashiki kwenye manyoya, yanadondoka popote paka alipolala, na huko yanakuwa mabuu, kisha yanajifungia kwenye kifuko kinachoweza kungoja miezi. Ndiyo maana nyumba iliyofungwa likizo nzima, mkifungua mlango, miguu inashambuliwa. Kwa hiyo tunafua matandiko kwa maji ya moto kila wiki, tunayaanika jua kali, tunafagia nyufa, na tulipoweza tulifunika ardhi ya mchanga kwa saruji. Paka wakubwa wanapata dawa ya matone ya shingoni iliyotengenezwa kwa ajili ya paka. Watoto wachanga tunawachana kwa kitana tukizamisha viroboto kwenye bakuli la maji ya sabuni. Kazi hiyo inachosha macho, lakini viroboto wengi wanaweza kummaliza damu mtoto wa gramu 400.

Mke wangu ni mjamzito. Tumfukuze paka?

Hili ndilo swali linaloleta paka wengi getini kwetu, na wengi wao hawakuhitaji kuletwa.

Hofu ni toksoplasma, na ni hofu yenye msingi: mama akiipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, inaweza kumfikia mtoto tumboni, mimba ikaharibika au mtoto akazaliwa na madhara ya macho na ubongo. Hadi hapo wanaowafukuza paka wana hoja.

Lakini tazama inavyoambukiza. Paka hutoa mayai yake kwa wiki 1 hadi 3 tu, kwa kawaida mara moja maishani, mara ya kwanza anapoambukizwa kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Baada ya hapo kinga yake humzuia. Na mayai hayo yanahitaji angalau siku moja nje kabla ya kuwa na madhara. Kumshika paka, kumlisha au kulala naye chumba kimoja si njia ya kuipata. Njia ni kugusa choo kilicholala, au udongo, halafu kula bila kunawa. Nyingine, ambayo watu wanaipita, ni nyama. Vimelea hivyo hujificha kwenye misuli ya mbuzi, kondoo na wanyama wengine, kwa hiyo mishkaki yenye damu ndani ni hatari kuliko paka aliyelala mlangoni. Mchicha usiooshwa vizuri vilevile.

Tunachomwambia mjamzito ni hivi: kazi ya mchanga wa paka afanye mtu mwingine, kila siku. Kama hakuna mwingine, avae glavu na anawe kwa sabuni. Paka alishwe chakula kilichopikwa na asiachwe kuwinda. Nyama iive. Mboga zioshwe kwa maji mengi. Na kama ana hamu ya kula udongo, aelewe kwamba udongo uliochotwa juu juu kwenye viwanja ndimo mayai ya paka yanamokaa. Hilo la udongo huwa linawashtua kuliko yote. Wanacheka kwanza, kisha wananyamaza.

Ana wasiwasi? Aulize kliniki ya wajawazito.

Na mtu anayeishi na VVU?

Anaweza kuishi na paka. Kwake toksoplasma iliyolala mwilini inaweza kuamka na kushambulia ubongo kinga ikishuka sana, kwa hiyo jambo la kwanza ni kutokatiza dawa za kufubaza VVU anazopewa kliniki ya CTC. Septrini wanayopewa baadhi ya wagonjwa husaidia kukinga hiyo pia. Mchanga amwachie mwingine.

Mtoto wangu ana mstari mwekundu unaotambaa unyayoni na unamwasha usiku. Ni paka?

Huenda. Mabuu ya safura ya paka na mbwa huingia kwenye ngozi inayogusa mchanga wenye unyevu, lakini ndani ya binadamu hupotea njia. Yanatambaa chini ya ngozi yakiacha mstari wenye mikunjo, unaosogea kidogo kidogo kila siku na kuwasha vibaya. Pwani kama yetu, mchanga laini, joto na watoto pekupeku, ni mahali pake. Mpeleke kituo cha afya. Dawa ipo na inafanya kazi. Usimkwangue kwa wembe, mdudu yupo mbele ya mstari, wala hutampata.

Sisi tungependa mtazame kitu kimoja: rundo la mchanga wa ujenzi. Mtu anamwaga lori la mchanga mbele ya nyumba akisubiri hela ya saruji, mchanga unakaa msimu mzima. Mchana ni uwanja wa watoto, usiku ni choo cha kila paka wa mtaa. Funika kwa turubai. Kipindi cha mvua, Desemba hadi Aprili, ndipo hatari inapokuwa kubwa, kwa sababu mabuu hayapendi ukavu.

Ni kweli manyoya ya paka yakiingia tumboni yanaota minyoo?

Hapana. Manyoya ni manyoya. Mayai yanaweza kunata juu yake, lakini paka hujisafisha kabla mengi hayajaiva. Nawa mikono kabla ya kula, inatosha.

Paka ni najisi?

Mafundisho tuliyokulia nayo pwani ni kwamba paka mwenyewe si najisi. Kinyesi chake ni najisi, na hapo twahara na afya vinaelewana vizuri.

Paka wangu anaharisha lakini sioni mnyoo hata mmoja.

Kutokuona mnyoo hakumaanishi hana. Choo kipimwe. Kinachofanyika si cha ajabu. Unayeyusha kama gramu 400 za chumvi kwenye lita 1 ya maji ya moto hadi igome kuyeyuka zaidi, na chumvi ya pwani yetu inafaa kabisa. Unakoroga humo kijiko kidogo cha choo kibichi, unachuja kwa chujio la chai (halirudi jikoni tena, tuelewane), unajaza kichupa chembamba hadi maji yafanye kifua juu ya mdomo, unafunika kwa kioo chembamba. Maji ya chumvi ni mazito, mayai yanaelea, yanajibandika kwenye kioo. Baada ya dakika 15 unakinyanyua hadi kwenye hadubini.

Mara ya kwanza tulipoonyeshwa hatukulala vizuri. Yai la mnyoo wa mviringo ni la kahawia, karibu duara, na ganda lake lina vishimo kama kastabani ya fundi cherehani. La safura lina ganda jembamba linalopitisha mwanga, na ndani yake unaona vipande vichache vinavyogawanyika, yaani lipo hai na linaendelea na kazi.

Chumvi humkunja giadia asitambulike, yeye hutafutwa kwa choo kibichi kabisa kilichochanganywa na maji ya chumvi hafifu. Koksidia huwasumbua watoto waliotoka tu kuachishwa maziwa, na dawa za minyoo hazimgusi, ana dawa zake. Koksidia wa paka hamwambukizi binadamu, na giadia wa paka kwa sehemu kubwa si yule anayetupata sisi. Kuharisha kusikokoma kwa wiki nyingi kwa paka kijana kunaweza kuwa trikomona wa utumbo, na huyo aachiwe daktari.

Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ina kituo cha kanda hapa Mtwara. Anza na afisa mifugo wa kata yako, atakuelekeza.

Nikimwaga jiki, si nimeua kila kitu?

Jiki inaua vijidudu vingi, ila mayai ya minyoo ya mviringo yana ganda linalostahimili jiki, na koksidia vivyo hivyo. Utaua harufu ubaki na mayai. Kwanza toa uchafu wote, sugua kwa sabuni, kisha mwaga maji yanayochemka. Maliza kwa jua. Masanduku yetu yanaanikwa kifudifudi kwenye bati kuanzia saa tano hadi saa tisa, na kiangazi cha Juni hadi Oktoba hiyo ndiyo dawa tunayoipata bila kulipa. Tuna masanduku ya zamu mbili, moja likiwa kazini jingine linaungua jua.

Kwa nini paka mpya mnamfungia peke yake wiki mbili? Analia.

Analia, tunamsikia usiku. Lakini mara ya mwisho tulipomwonea paka mgeni huruma tukamwachilia siku ya pili, watoto sita waliokuwa wamepona waliharisha. Wiki mbili zinatosha kumpa dozi ya kwanza, kupima choo, kumtoa viroboto, kumpa ya pili. Ana sanduku lake, bakuli lake, na kijiko chake cha kuchotea chenye utepe mwekundu. Anahudumiwa mwisho, baada ya watoto wachanga na wazima.

Paka wetu anakohoa. Minyoo inaweza kukaa mapafuni?

Ndiyo, upo mmoja mdogo sana. Paka humpata kwa kula konokono, au mjusi, panya na ndege waliokula konokono. Kwa kuwa kila ukuta wa huku una mijusi, usiudharau. Mtibu paka kwa fenbendazoli ya siku kadhaa chini ya usimamizi wa mtaalamu.

Anatikisa kichwa na masikio yana uchafu kama masalia ya kahawa.

Utitiri wa masikio. Wanaambukizana bandani kwa kasi, tibu wote wanaolala pamoja. Usimwingizie pamba ya kijiti.

Samaki mbichi tunaowapa hawaleti minyoo hii?

Minyoo tuliyoitaja hapa haitoki kwa samaki. Hata hivyo chemsha. Tuna sababu nyingine za kuchemsha, na mojawapo ni nzi.

Si rahisi kuwawekea sumu wale wa sokoni?

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza ukatili huo. Pia sumu ile huliwa na kuku wa watu. Na anayetunza ghala la korosho anajua kinachofuata paka wakiisha.

Nataka kumchukua mmoja. Na kama namleta wangu apimwe, nije na nini?

Anayechukuliwa anaondoka na karatasi yenye tarehe za dawa alizopata. Ukifika nyumbani mwekee sanduku lenye mchanga wa kina cha vidole vinne, mahali penye kivuli pasipo na watoto, na uchote kila siku. Mtazame ufizi kila Ijumaa. Usingoje aharishe.

Unayeleta wako, njoo na choo cha asubuhi hiyo, si cha juzi, kwenye kikopo safi chenye mfuniko, kikiwa kivulini. Kikopo cha siagi kinafaa kikioshwa. Andika jina la paka juu yake, kwa sababu kuna siku tulipokea vikopo vitatu vya watu watatu na paka wote wanaitwa Chui. Fika kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo utatukuta uani, tunachota.